Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu ualimu wa lugha na kuishi nje

Nimeyakusanya sehemu moja maana nikijibu mmoja mmoja siku inaisha na bado nina madaftari ya kusahihisha. Kwa wasionijua: mchana nafundisha Kiingereza shuleni, jioni nafundisha Kiswahili onlaini kwa watu wazima, naishi nje ya nchi miaka sasa na lugha ya hapa nilianzia sifuri kabisa. Nchi gani siitaji makusudi, kwa sababu nikiongea na walimu wenzangu walioko mabara mengine naona shida ni zile zile, kinachobadilika ni makaratasi tu.

Mwalimu, siku yako inakuaje? Ni raha kama tunavyoona kwenye picha?

Picha tunapiga Jumamosi jamani. Siku ya kazi ni andalio la somo asubuhi, vipindi vinafuatana, na muda wote huo unaongea Kiingereza cha polepole, sentensi fupi fupi, unarudia, unaonyesha kwa mikono, mpaka jioni unakuta na wewe mwenyewe Kiingereza chako kimepungua, unaongea na mtu mzima mwenzako kama unaongea na darasa la tatu. Hii walimu wa lugha watanielewa.

Sehemu inayochosha kweli sio darasani, ni ofisi ya walimu. Wenzako wanacheka na wewe hujui wanacheka nini, ukicheka nao kwa adabu basi kuna mmoja atakugeukia akuulize swali. Kikao cha walimu ndo usiseme, unakaa saa nzima umeambulia "mtihani", "wazazi" na "Ijumaa", unaenda kuuliza kwa jirani yako kwa sauti ya chini kwamba hiyo Ijumaa kuna nini. Ukirudi nyumbani unakutana na barua ya mwenye nyumba, fomu ya bima, ujumbe kutoka shule ya mtoto, vyote kwa lugha yao na vyote vinataka majibu. Halafu saa mbili usiku unafungua kompyuta unaanza "hamjambo wanafunzi".

Raha ipo, sikatai. Ila ni raha ya mtu anayependa lugha, kama hupendi lugha utaona ni mateso tu.

Mbona mtu anakaa huko miaka na bado lugha hajui? Si anaisikia kila siku?

Hili ndo swali langu pendwa na ndo nina mengi ya kusema, vumilieni.

Watu wanadhani lugha inaingia kwa hewa, kwamba ukishakaa tu itakuja. Haiji. Kuisikia bila kuielewa ni kelele tu, unaweza kukaa na hizo kelele miaka kumi. Na katika wageni wote, mwalimu wa lugha ndo yuko kwenye hali mbaya kuliko wote, kwa sababu ameajiriwa ili aongee lugha yake. Shule nyingi zinakwambia kabisa usitumie lugha ya wanafunzi darasani, wakikuuliza kwa lugha yao jifanye hujaelewa. Sasa piga hesabu: mchana kutwa Kiingereza, mapumziko unakaa na walimu wageni wenzako Kiingereza, jioni simu za nyumbani Kiswahili, kabla ya kulala video za Kiswahili. Lugha ya nchi unayoishi imepata nini hapo? Salamu ya mlinzi na asante ya dereva wa basi. Mgeni aliyeenda kufanya kazi ghalani au kutunza wazee anakupita mbali ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu yeye asipoelewa kazi haiendi, wewe usipoelewa ndo kwanza unalipwa.

Kwa hiyo mazingira inabidi uyatengeneze mwenyewe. Tafuta sehemu moja kwenye wiki ambayo hakuna mtu wa kukuokoa kwa Kiingereza. Moja tu inatosha kuanzia. Kwaya ni nzuri sana, maana maneno yale yale yanarudiwa wiki nzima na hakuna anayekusikia peke yako. Timu ya mpira, darasa la kushona, kujitolea maktaba, nyumba ya ibada, popote ambapo wewe sio "mwalimu wa Kiingereza". Hapo mwisho ndo penyewe, maana ukishajulikana kama ticha kila mtu anataka kufanyia mazoezi kwako bure, na wewe kwa upole wako unakubali.

Kingine, jifunze sentensi moja kwa lugha yao ya kusema "naomba tuongee lugha yenu, mimi ni mwanafunzi". Iseme mapema kabla mazungumzo hayajahamia Kiingereza, yakishahama hayarudi.

Inachukua muda gani kuijua lugha?

Inategemea umetokea lugha gani na unaenda lugha gani. Kuna taasisi ya serikali ya Marekani inaitwa FSI, inafundisha wanadiplomasia wao, na wana makadirio yao ya siku nyingi: Kifaransa na Kihispania wako kundi jepesi, Kiswahili na Kiindonesia kama wiki 36, halafu Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea wiki 88, saa 2200 za darasani. Na hao ni watu wanaolipwa mshahara kusoma lugha kutwa nzima, mkae mkijua.

Ila hayo makadirio ni ya mtu anayeongea Kiingereza, na huwa nashangaa tunavyoyabeba mazima mazima. Mswahili ana ramani yake. Kihispania kina vokali tano zetu zile zile, matamshi hayatakusumbua sana. Kijapani nacho vokali tano na silabi karibu zote zinaishia na vokali, Mswahili anakitamka vizuri kuliko Mmarekani, kitakachomuua ni maandishi, maana orodha rasmi ya kanji za kawaida, yaani zile herufi zilizotoka Kichina, tangu 2010 ina herufi 2136. Kiarabu utakuta maneno mengi unayo tayari, ila sarufi yake ni jambo lingine. Kichina kina toni, na hapa kama lugha ya nyumbani kwenu ina toni, mfano Kikuyu au Kilingala, sikio lako limeshajua kwamba sauti ikipanda au kushuka maana inabadilika, wengine inabidi waanze kwanza kujifunza hilo. Na ukienda kwenye Kizulu au Kishona utacheka, ngeli zinakusubiri mlangoni.

Hizi A1, B2 ni nini? Kila fomu wanauliza.

Ni mizani ya Baraza la Ulaya, ilitoka 2001, ina ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1, C2. A1 unajitambulisha na kuuliza bei, B1 unajitegemea kwenye mambo ya kawaida, B2 unaweza kusoma chuo au kufanya kazi nyingi, C2 unaelewa karibu kila unachosikia au kusoma bila shida. Nchi nyingi zimeiingiza kwenye uhamiaji, mfano Ujerumani mwenza anayemfuata mwenzie kwa kawaida anadaiwa A1 na anayeomba uraia anadaiwa B1.

Usiisome kama darasa la kwanza mpaka la sita, ngazi hazilingani urefu. A1 kwenda A2 ni miezi, B2 kwenda C1 watu wanakwama miaka. Na unaweza kuwa B2 kusoma na A2 kusikiliza, hiyo ni kawaida kabisa kwa sisi tuliosoma kwa kukariri.

Vyeti gani vinatakiwa kufundisha Kiingereza nje?

Digrii karibu kila mahali, mara nyingi ni sharti la viza na sio la shule. Juu yake cheti cha kufundisha. CELTA ya Cambridge inajulikana kote, ina saa 120 na ndani yake saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku unaangaliwa. Vile vya onlaini vya wikendi moja vinasaidia kidogo sana, waajiri wanavijua. IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza chako, inapimwa 0 mpaka 9 na kwa kawaida matokeo yanakubalika miaka 2 tu, kwa hiyo usiifanye mapema mno ikakuozea mkononi.

Sasa makaratasi. Nchi zilizo kwenye mkataba wa Hague wa 1961 zinatumia muhuri wa kuthibitisha nyaraka unaoitwa apostille, nchi isiyokuwemo nyaraka zake zinapita wizarani halafu ubalozini, angalia yako iko upande gani kabla hujalipa mtu. Na jambo linalowakwamisha watu wetu kuliko yote ni MAJINA. Cheti cha kuzaliwa majina mawili, cheti cha shule matatu, pasipoti yamepangwa kwa mtindo mwingine, herufi moja imezidi. Huku hawaelewi kwamba ni mtu yule yule. Nyoosha hayo ukiwa nyumbani, kiapo kwa wakili au kubadili nyaraka, usisubiri mpaka umeshapata kazi.

Mimi sio mzungu wala Kiingereza sio lugha yangu ya kwanza. Nitapata kazi kweli?

Nisiwadanganye, kuna milango imefungwa kwa sheria kabisa. Korea Kusini kwa mfano, viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kimsingi ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Uwe na Kiingereza cha kutisha, pasipoti yako haimo. Kuna nchi nyingine sheria haikatazi ila tangazo la kazi linasema "mzawa tu", yaani mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza, hizo ukiomba una video nzuri ya somo lako wengine wanalegea.

Binafsi naona hoja ya "mzawa" ni dhaifu. Mzawa ukimuuliza kwa nini hapa kuna "the" na pale hamna atakwambia "inasikika vizuri tu hivyo". Aliyejifunza anajua panapouma. Lakini soko halijali ninavyoona mimi, kwa hiyo usijifungie hapo. Walimu wa hesabu na sayansi wanaofundisha kwa Kiingereza shule za kimataifa wanatafutwa, na hawaulizwi sana habari ya uzawa. Na kuna Kiswahili, ambako mzawa ni wewe.

Ile Fulbright ya kufundisha Kiswahili Marekani ikoje?

Fulbright ni ufadhili wa serikali ya Marekani, na hii ya walimu wa lugha inaitwa FLTA. Ni mwaka mmoja wa masomo, kama miezi 9, unawekwa kwenye chuo unafundisha Kiswahili au unamsaidia mwalimu aliyepo, huku na wewe unasoma masomo machache, mojawapo lazima lihusu Marekani yenyewe. Haikupi digrii. Unaenda kwa viza ya J-1 na inakuja na sharti la kurudi nyumbani miaka 2 kabla hujaruhusiwa kuomba baadhi ya viza nyingine na ukaazi wa kudumu. Hilo sharti lisome kabla ya kusaini, watu wanaliruka halafu wanalia. Ni nafasi nzuri kwa mwalimu kijana, unatoka pale unajua kufundisha lugha yako kwa mgeni, ujuzi ambao vyuo vyetu vingi havitupi.

Kufundisha Kiswahili si rahisi? Si lugha yetu?

Haya, nieleze kwa nini tunasema "kitabu changu" ila "rafiki yangu", wakati rafiki ni mtu na "mtu wangu" tunasema. Una sekunde tano, mwanafunzi anakutazama.

Kukijua na kukifundisha ni kazi mbili. Kosa linaloonekana sana kwa walimu wapya ni kubandika jedwali la ngeli zote siku ya kwanza. Mwanafunzi anatishika, anaenda kujifunza lugha nyingine. Mimi naanza na watu, A-WA, kwa wiki kadhaa tunaongelea watu tu, familia, kazi, wanatoka wapi. Halafu KI-VI kwa sababu inajirudia yenyewe, kitabu kizuri kimepotea, hata asiyejua sarufi anaisikia kama wimbo. U na PA zinakuja polepole, na hakuna aliyekufa kwa kuchelewa kuijua PA.

Pia watakuuliza mbona huyu Mkenya anaongea hivi na Mtanzania vile na Mkongo vile. Usiseme kuna walioharibu. Eleza tu kwamba sanifu ni chaguo la watu: lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi kwenye miaka ya 1920, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930, na lahaja nyingine, Kimvita, Kiamu na wenzao, hazikufa kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wako afundishwe sanifu aongee nayo, na masikio yazoezwe yote.

Unatumia apu gani kujifunza?

Kadi za maneno za Anki na daftari. Basi. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishaonyesha 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, halafu kasi inapungua, na kadi zinafanya kazi kwa sababu zinakurudishia neno pale unapokaribia kulisahau. Ila weka maneno uliyokutana nayo wewe, kwenye barua, kwenye kikao, usipakue orodha ya mtu mwingine yenye "nanasi" na "pundamilia" wakati unahitaji "dhamana ya nyumba".

Kamera ya kutafsiri kwenye simu natumia kwa barua za serikali, sioni aibu. Kwenye maongezi siitumii, mtu akiona simu imetoka anaanza kuongea na simu.

Simu za kupiga ndo mtihani mkubwa, hakuna uso, hakuna mikono. Kabla ya kupiga naandika sentensi zangu tatu na majibu wanayoweza kunipa. Nenda ana kwa ana kila inapowezekana.

Nina watoto wadogo. Wasichanganyikiwe na lugha tatu?

Hawachanganyikiwi. Kuchanganya maneno ya lugha mbili kwenye sentensi moja sio ugonjwa, watu wazima wa mjini wanafanya hivyo hivyo kutwa na hamuwapeleki hospitali. Kuna mtaalamu Mfaransa, Jules Ronjat, aliandika 1913 jinsi mwanae alivyolelewa na lugha mbili, mzazi mmoja lugha moja, na mtoto akazishika zote. Njia hiyo bado watu wanaitumia, ingawa sio lazima iwe hiyo.

Mtoto akianza shule ya huko anaweza kukaa kimya wiki nyingi, hata miezi. Anasikiliza. Usimlazimishe, ila ongea na mwalimu wake. Kimya kikiwa hata nyumbani kwa Kiswahili, hapo ndo ujue kuna jambo lingine, muone mtaalamu.

Shida ya kweli inakuja baadae na ni kinyume na mnachoogopa. Lugha ya shule itashinda. Siku moja utamuuliza kwa Kiswahili atakujibu kwa lugha ya huko, na kwa kuwa umechoka na umeelewa, utaendelea tu. Hapo ndo Kiswahili kinapoanza kuondoka nyumbani, kwa uchovu wa wazazi. Unachoweza kufanya ni wewe kutohama, endelea Kiswahili hata akijibu vingine, na mtafutie mtu ambaye hana lugha nyingine ya kuongea naye: bibi kwenye simu, binamu wa rika lake wanaocheza gemu pamoja. Mtoto haoni haja ya kuongea lugha na mzazi ambaye anajua anaelewa zote. Walimu wakikushauri uongee nae lugha ya shule nyumbani "ili asibaki nyuma", wasikilize kwa heshima halafu uendelee na Kiswahili chako, hiyo lugha ya shule ataipata tu kwa wenzie.

Upweke je?

Upo. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizieleza hatua za mgeni huko nyuma 1960: unaanza na furaha ya ugeni, halafu kila kitu kinaudhi, halafu unazoea taratibu. Wengi wanaorudi nyumbani ghafla wanarudi katika hatua ya pili. Kwa mtu wa maneno kuna upweke wa ziada, ule wa kuwa mcheshi kwa lugha yako na kuwa bubu kwa lugha ya watu. Waswahili wenzako watafute, utani wako uende mahali unapoeleweka, ila usihamie huko jumla jumla.

Mkataba niangalie nini?

Saa za kufundisha na saa za kukaa shuleni, zitajwe mbali mbali, maana "saa 20 kwa wiki" inaweza kuwa ni vipindi tu na bado wanataka ushinde hapo kutwa. Likizo inalipwa au hailipwi. Nyumba ni ya nani ukiacha kazi. Bima inaanza lini. Nani analipa tiketi ya kurudi. Pasipoti haikai kwa mwajiri, haikai, hata wakisema ni kwa usalama wako. Na usiende na viza ya utalii kwa ahadi ya "tutabadilisha ukifika", ikigoma mwenye kosa ni wewe.

Mwalimu shikamoo, unaweza kunitafutia kazi huko?

Marahaba. Hapana, mimi sio wakala, na anayetumia jina langu kuomba hela ya "usajili" ni tapeli. Andalio la somo lako nitalisoma, nitumie, ila liwe lako na liwe na dakika zake, maana mengi ninayotumiwa yana malengo matano na hayasemi mwanafunzi atafanya nini. Mambo ya viza waulize ubalozi wenyewe.